Moyo Uliohesabiwa Ghalani

Ghala la Kahawa, Thika
9 Februari 2025

Kwako binti yangu Mbinya,

Pokea salamu za baba yako Ngui. Mimi ni mzima. Jua la huku mwezi huu ni kali kama la Maungu, mpaka wakati mwingine nasahau niko mbali, ila sioni ndovu.

Na tukisema ndovu, mama yako alinipigia Jumapili. Waliingia tena Marungu wakavunja tangi la kanisa, wakanywa wote, wakaondoka bila kuaga. Pojo zimekauka zikiwa na maua. Lakini yule mbuzi mweusi amezaa mapacha, na mama yako Kasiva anasema mmoja ana masikio kama yangu. Mama yako akianza kunitukana ujue hana shida kubwa.

Barua yako niliipata Jumamosi ya wiki iliyopita. Karani wa hapa hugawa barua Jumamosi tu, hata zikifika Jumatatu. Nimeisoma mara nyingi. Unasema wewe na rafiki yako Daisy, yule wa Ronge, mnafanya utafiti wa klabu ya sayansi. Mnataka kujua vile kahawa inabadilisha mapigo ya moyo mtu akifanya mazoezi, na kama ni kweli inachoma mafuta ya mwili. Unasema mtapima wasichana wakikimbia uwanjani, lakini unataka pia mtu wa kazi ngumu ambaye anakunywa kahawa kila siku.

Mbinya, huyo mtu umempata. Sisi tunabeba magunia kutoka ghalani mpaka kwa lori, na tunaendeshwa na kahawa. Si ile ya kuuza. Kuna punje mbovu ambazo zinakataliwa. Hizo tunazikaanga kwa kipande cha debe, tunazitwanga, tunachemsha mpaka maji yanakuwa mazito. Tunaita dizeli. Nikinywa vikombe vitatu asubuhi, njaa haijui nyumbani kwangu mpaka jioni. Gunia linakuwa jepesi, kifua kinafunguka, mtu anasikia ni kijana.

Nilifanya vile umeniambia. Niliketi juu ya gunia nikaweka vidole viwili kwa mkono, chini ya kidole gumba, macho kwa saa ya ukutani. Wenzangu wakaanza. "Ngui, unajichumbia mwenyewe?" Sammy, yule kijana mrefu wa Bomeni ambaye analala kitanda cha juu yangu, akasema, "Mwacheni mzee, anatafuta kama bado yuko." Nikawaambia ni kazi ya shule ya binti yangu. Wakanyamaza. Baadaye wengine walikuja mmoja mmoja wakaomba niwahesabu pia.

Sasa andika. Nikiwa nimekunywa dizeli, nimeketi tu, moyo ulipiga mia na kitu. Siwezi kusema kitu gani, kwa sababu haupigi sawa. Unakimbia kidogo, halafu unanyamaza kama mtu amesahau neno, halafu unalikumbuka na kulisema mara tatu. Baada ya kubeba, nilishindwa kabisa kuhesabu. Ilikuwa kama kuhesabu kuku wakimwagiwa mtama. Siku ambayo sikunywa, kichwa kiliuma hivi kwamba nililala, kwa hivyo hiyo siku haina hesabu.

Natumaini itakusaidia. Miaka hii yote ya masomo yako hujawahi kuniuliza kitu cha darasani. Mimi niliishia darasa la saba, nilijua huwezi kuniuliza. Sasa umeniuliza.

Soma. Kula. Usiwaache wenzako wakupite uwanjani.

Ni mimi baba yako,
Ngui


Shuleni, Voi
19 Februari 2025

Kwa Baba mpendwa,

Shikamoo Baba. Natumaini uko salama. Mimi ni mzima wa afya. Voi ni vumbi na joto, na maji ya bweni yanakuja yakitaka. Mama alinitembelea Jumamosi akaniletea muthokoi, tukala na Daisy mpaka Daisy akasema akimaliza shule ataolewa Ukambani kwa sababu ya chakula peke yake. Mama aliniambia habari za mbuzi mwenye masikio yako. Alicheka hadi akatoa machozi. Sikumwambia habari ya barua yako.

Baba, nitakuambia kwanza yale tumeyaona, halafu nikuambie lile ninalotaka.

Tulipima wasichana wakiwa wameketi, kisha wakizunguka uwanja, siku moja wakiwa wamekunywa kahawa na siku nyingine bila. Wakiwa wameketi, kahawa ilipandisha mapigo kidogo. Kuna mmoja ambaye kwao hawanywi kahawa kabisa, yeye alitetemeka mikono na moyo ukapanda sana. Wale waliozoea hawakubadilika karibu chochote. Wakikimbia, ni mbio zenyewe zinazopandisha moyo. Kahawa haionekani tena. Lakini wengi waliokunywa walikimbia mizunguko zaidi, na walisema hawakusikia kuchoka upesi.

Na kuhusu kuchoma mafuta: mwalimu alitutafutia hesabu kwenye vitabu. Kweli mwili unachoma zaidi kidogo, lakini asubuhi nzima haifiki kipande kimoja cha mkate. Kahawa si chakula, Baba. Inafukuza njaa mlangoni, haimlishi mwenye nyumba.

Sasa lile ninalotaka. Nilimpelekea Sista Zubeida, muuguzi wa shule yetu, barua yako ili anisaidie kuandika zile hesabu. Alikuwa amesimama. Alipofika pale pa mtu aliyesahau neno, akaketi. Akaniuliza una miaka mingapi, na kama unapumua vizuri ukipanda ngazi. Nikasema sijui. Akaniambia, "Mwambie baba yako aende hospitali wiki hii. Si wiki ijayo. Moyo unaopiga hivyo unaweza kufanya damu igande ndani yake, na damu iliyoganda haikai mahali pamoja."

Nikamuuliza kama ni kahawa. Akasema kahawa haimuui mtu mwenye moyo mzima. Akasema, "Kahawa haimpi mtu nguvu. Inamnyima tu habari za kuchoka. Na baba yako anahitaji hizo habari."

Baba, tafadhali. Nenda. Acha dizeli pole pole, Sista amesema ukiikata mara moja kichwa kitauma tena. Kula asubuhi kabla ya kubeba. Ukitoka hospitali ujipime tena uniandikie. Sijamwambia Mama kwa sababu najua atapanda basi siku hiyo hiyo na kuwaacha mbuzi.

Nakungoja.

Binti yako,
Mbinya


Ghala la Kahawa, Thika
16 Machi 2025

Kwako Mbinya,

Salamu sana. Mimi ni mzima, tena sana. Mama yako amesema mvua imeonyesha mawingu upande wa Sagalla halafu ikarudi. Amesema pia umeshika nafasi nzuri kwenye mtihani wa kufungua muhula. Sikushangaa.

Samahani kwa kuchelewa. Malori yamekuwa mengi. Barua yako nilikaa nayo.

Usiwe na wasiwasi. Nilienda zahanati. Walinipima, wakasema ni uchovu. Nimeacha dizeli. Asubuhi nakunywa uji na ndizi. Nimejipima tena, na hizi ndizo hesabu zako.

Nimeketi, sitini na nne. Baada ya kubeba magunia, mia moja na ishirini. Nikipumzika kidogo, unarudi chini. Unapiga sawa sawa, kama mtu anayepanga matofali.

Nimepima siku tatu, na zote zinafanana hivyo. Unaweza kuziandika. Zile za kwanza uzifute, nadhani sikuwa nimejua kuweka vidole.

Mshukuru Sista. Mwambie baba yako si mgonjwa. Mama yako tusimsumbue na mambo ambayo yamekwisha.

Ni mimi,
Baba


Shuleni, Voi
27 Machi 2025

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo! Nakuandikia nikiwa na haraka kwa sababu tunafunga shule wiki ijayo, lakini lazima upate habari hii kabla sijaenda nyumbani.

Tumepita! Utafiti wetu umepita kongamano la kaunti. Daisy alisimamia sehemu ya wasichana, mimi nikasimamia yako. Tulikuandika "Mshiriki wa Ghalani" kwa sababu hairuhusiwi kutaja jina, lakini mimi niliwaambia wazi ni baba yangu. Nilichora hesabu zako mpya kwa rangi nyekundu. Nikasema: huyu ni mtu wa miaka arobaini na saba, anabeba magunia tangu asubuhi, na tazameni vile moyo wake unarudi chini upesi, kwa sababu kazi imeufanya kuwa kama moyo wa mwanariadha. Mwamuzi mmoja alisema, "Huyo mzee akimbie marathoni ya Boston." Watu wakapiga makofi. Ningetaka uone.

Sista Zubeida nilimwonyesha pia. Alitazama kwa muda akasema, "Huu ni moyo wa kijana." Nikacheka nikamwambia Mama atafurahi kusikia ana mume kijana. Yeye hakucheka, lakini Sista hacheki na mtu.

Baba, njoo Pasaka. Umekosa Krismasi. Mama anasema jogoo mwekundu ameishi kupita kiasi na anangoja wewe tu. Ukija nitakuonyesha ile karatasi.

Binti yako mwenye furaha,
Mbinya


Ghala la Kahawa, Thika
13 Aprili 2025

Mbinya,

Salamu kwako na kwa mama yako. Nimefurahi kwa kongamano. Nilimwambia kila mtu hapa. Karani alinipigia saluti.

Barua hii naituma nyumbani kupitia kwa dereva wa lori anayeenda Mombasa, ataiacha Maungu kwenye duka la kituo cha mafuta. Simu yangu imeingia maji.

Pasaka sitaweza. Kuna mzigo. Mle huyo jogoo, mimi nitakuja Agosti.

Siku hizi nimewekwa mezani pamoja na akina mama, tunachambua punje. Ni kazi ya kuketi. Usiulize kwa nini. Mtu akipewa kazi ya kuketi halalamiki. Ila nyapara amesema jina langu bado liko kwa wabebaji, wakipungukiwa nitaitwa.

Ile karatasi nyekundu usiisumbukie sana. Mambo ya karatasi yanapita. Na ukiulizwa tena na Sista, mwambie tu niko sawa.

Mbinya, wewe ni mtoto mzuri.

Baba


Shuleni, Voi
4 Mei 2025

Kwa Baba,

Shikamoo. Natumaini Mama anakusomea hii hapo hospitalini. Sijui kama macho yako yako vizuri, hakuna anayeniambia kitu. Mbuzi ni wazima. Niliwaacha kwa jirani nilipokuja kufungua shule. Mvua imenyesha siku mbili, na pojo mpya zimetokeza.

Nitaandika lile ambalo sikuweza kusema kwa simu kwa sababu Mama alikuwa amesimama karibu nawe.

Jumanne baada ya Pasaka simu ya Mama ililia. Alikuwa Sammy. Alikuwa analia pia. Alisema lori lilikuja wakapungukiwa na mtu mmoja, nyapara akaita jina lako, ukanywa dizeli mikebe miwili ukainuka. Alisema ulifika kwenye ubao wa lori, gunia likateleza, na wewe ukaketi chini pole pole kama mtu anayeketi kupumzika, na upande wako mmoja haukuinuka tena. Mama aliondoka na nguo alizokuwa amevaa.

Lakini kabla ya kukata simu Sammy aliomba azungumze na mimi. Akasema, "Dada, kuna kitu kinanikaba. Zile hesabu zako za mwezi wa tatu, ule ulikuwa mkono wangu. Mzee aliniambia niketi, akanihesabu. Nilifikiri ni mchezo."

Baba. Nilisimama mbele ya watu nikasema huyu ni baba yangu. Nikachora moyo wa Sammy kwa rangi nyekundu, wakapiga makofi.

Na wewe hukuwa umeenda hospitali. Daktari wa huko amemwambia Mama kwamba moyo wako ulikuwa hivyo kwa muda mrefu, na damu iliganda ndani yake ikapanda kichwani. Ndivyo Sista alivyoniambia Februari. Ndivyo nilivyokuandikia. Ulikuwa na barua yangu mkononi. Ulikaa nayo.

Nimeenda kwa mwalimu nikamwambia hesabu za Mshiriki wa Ghalani si za kweli. Ametuondoa kwenye kongamano linalofuata. Daisy hakunisemesha wiki nzima, halafu jana akanigawia mandazi yake. Hilo limekwisha. Si hilo linaloniumiza.

Kinachoniumiza ni kwamba Sista aliposema huu ni moyo wa kijana, nilisikia. Kwa nusu sekunde nilijua. Sammy ni kijana, na barua yako ya kwanza ilikuwa na Sammy, na ya pili haikumtaja hata mara moja. Nikacheka kwa sababu nilitaka iwe kweli. Kwa hivyo tulidanganya wawili, wewe kwa kuandika na mimi kwa kusoma.

Kwa nini, Baba? Nataka uniandikie kwa nini. Hata mstari mmoja.

Mbinya


Shuleni, Voi
6 Julai 2025

Kwa Baba,

Shikamoo. Nimefika shule salama kutoka mapumziko ya katikati ya muhula. Mwambie Mama nimepata sweta, nilikuwa nimeiacha kwa Daisy.

Hukujibu barua yangu ya Mei. Nilisema ni mkono, ni ugonjwa, nikifika nyumbani utanijibu.

Nilifika Alhamisi. Ulikuwa umeketi mlangoni kwenye kile kiti chenye mgongo wa kamba. Nilisema shikamoo, ukaitikia kwa kichwa. Nikakuinamia, ukageuza uso ukatazama mbuzi. Nilikaa nyumbani siku tatu. Nilikuletea uji, ukanywa ukitazama ukuta. Usiku Mama alikuwa anazungumza na wewe ndani kwa sauti ya chini, na mimi nikiingia kila kitu kinanyamaza. Nilimuuliza, "Mama, Baba amenikasirikia kwa ile barua?" Akasema, "Mwache baba yako." Nikasema, "Nimwache vipi?" Akaondoka kwenda kuchota maji na mtungi ulikuwa umejaa.

Siku tatu hukuniita jina hata mara moja. Tangu nizaliwe sijawahi kuingia nyumbani usiniite. Hata ulipokuwa unashuka basi Maungu baada ya mwaka mzima, ulikuwa unaniita kutoka barabarani mpaka watu wa vibanda wanajua jina langu.

Jumapili nilipobeba begi ulishika mlango kwa ule mkono mmoja. Nilifikiri sasa utasema. Mdomo wako ulisogea. Halafu ukaufunga, ukarudi ndani.

Nilikuandikia maneno makali Mei. Ninaomba msamaha kwa ukali. Kwa maneno yenyewe sijui kama naomba. Nililia kwenye basi mpaka Voi, na mama mmoja akaniuliza ni nani amekufa.

Kama hutaki nije Agosti, mwambie Mama aniambie. Naweza kubaki hapa na wasichana wa kidato cha nne.

Mbinya


Nyumbani, Marungu
27 Julai 2025

Mbinya,

Salamu mwanangu. Hii naandika mwenyewe kwa mkono wa kushoto, ndiyo maana mistari inatembea kama kuku. Nimeanza Jumatatu na leo ni Jumapili. Usihesabu makosa.

Mama yako ni mzima. Amevuna pojo debe mbili. Yule mtoto wa mbuzi mwenye masikio yangu anakula kofia yangu nikiwa nimeivaa, kwa sababu amejua huyu mtu hawezi kuinuka haraka. Nakunywa dawa ya kufanya damu iwe nyepesi. Kahawa sinywi, ingawa daktari amesema si yenyewe iliyoniangusha. Amesema vile Sista wako alisema.

Uliuliza kwa nini. Nitakuambia bila kuzunguka.

Zahanati nilienda. Walinisikiliza kifua wakaniambia nenda hospitali kubwa leo. Nikarudi ghalani. Ukitoka siku moja, nyapara anafuta jina na kuna mtu amesimama langoni anangoja. Lakini si hilo tu. Hilo ni nusu.

Nusu nyingine ni hii. Mimi nimekusomesha kwa mgongo. Mgongo ndio kitu pekee nilijua unaweza kukitumia kwangu. Halafu siku moja ukaniuliza swali la shule, na mimi nikajibu, na wenzangu wakanyamaza waliposikia ni kazi ya binti yangu. Nilikuwa mtu wa maana kwa daftari lako. Barua yako iliyofuata ikasema jibu langu ni ugonjwa. Nikaona utaniondoa kwenye daftari na kuniweka kwenye kitanda. Nikamwita Sammy, nikashika mkono wake. Ulipiga vizuri sana, Mbinya. Nilipokuwa naandika nilikuwa karibu naamini ni wangu. Sikufikiri utasimama mbele ya watu. Nilifikiri nimekupa tu baba mzima.

Dizeli nilikuwa nakunywa siku zote. Sikupunguza hata kikombe. Nilijua ninachoka, kwa hivyo nilikunywa nisijue.

Ulisema tulidanganya wawili. Hapana. Mtoto akimwamini baba yake hajadanganya. Hilo lifute.

Sasa ya kuja kwako.

Mimi sikukasirika. Nilisoma barua yako ya Mei, macho ni mazuri. Nilikaa mlangoni tangu asubuhi ya Alhamisi nikingoja.

Upande wa kulia wa mdomo umekufa, Mbinya. Maneno mengine yanatoka yakiwa yamevunjika, mama yako anayaokota. Uji, naweza. Mbuzi, inatoka nusu. Jina lako haliwezi. Linataka midomo miwili ikutane, na yangu haikutani. Nilifanya mazoezi wiki nzima kabla hujafika. Niliwafanyia mbuzi mazoezi, wakawa wananitazama. Ilitoka sauti ya mlevi. Nikamwambia mama yako kwa mkono, akija usimwambie, nitaweza kufikia Alhamisi. Akabishana nami usiku wote huo uliosikia. Alitaka kukuambia. Mimi nilikataa.

Nilikuona unakuja kutoka kwa barabara na begi mgongoni. Nikafungua mdomo. Halafu nikaufunga, kwa sababu nilitaka ukumbuke nikikuita vizuri. Nikatazama mbuzi. Na Jumapili pale mlangoni nilijaribu tena, ndicho ulichoona.

Nimekosa mara mbili kwa njia moja. Nilikuficha moyo, nikakuficha mdomo.

Mtu wa zahanati ya Maungu anayenifanyisha mazoezi anasema huenda sauti ikarudi, huenda isirudi. Sitakuandikia tena hesabu ambayo si yangu. Hiyo ndiyo hali.

Lakini nimegundua kwenye karatasi jina lako linatoka zima. Mama yako anaona nimejaza ukurasa wa nyuma wa kalenda, anasema nimerudi chekechea. Tazama.

Mbinya.

Mbinya wangu.

Mbinya wa Ngui.

Shule ikifungwa Agosti, usibaki huko. Njoo. Ukifika mlangoni usisimame ukingoja nikuite. Ingia tu.

Baba yako